Gari la zabibu, nguzo za umeme na mtafiti wa kompyuta asiyegusa kompyuta

Ukimwambia mtu hapa Dodoma kwamba fulani ni mtafiti wa kompyuta, kitu cha kwanza anachowaza ni kumpelekea simu iliyogoma kuwaka au laptopu iliyoingia virusi, na akisikia ni wa chuo basi anajua huyo anatengeneza apu. Sasa mwambie kuna watafiti wa kompyuta ambao mwaka mzima unaweza kupita hawajaandika hata mstari mmoja wa programu, vifaa vyao ni peni, karatasi na ubao, hapo anaona kabisa hela za watu zinaliwa bure. Nataka nieleze hao watu wanatafuta nini, kwasababu mi naona ni moja ya kazi nzuri sana ambazo akili ya binadamu imewahi kufanya, na kwa Kiswahili hatuelezwi, tunaishia kusikia algorithimu ya TikTok basi.

Algorithimu ni utaratibu wa hatua zinazoeleweka ambao ukizifuata unapata jibu. Kugawanya kwa njia ndefu ulikofundishwa shule ya msingi ni algorithimu, haihitaji umeme wala bando. Mtafiti wa nadharia anauchukua utaratibu kama huo na kuuliza mambo mawili: kwa tatizo hili njia ya haraka kuliko zote ni ipi, na je naweza kuthibitisha kwamba hata mtu mwenye akili kuliko mimi akija baada ya miaka 100 hatapata ya haraka zaidi? Swali la pili ndo gumu, na ndo linalowakesha watu.

Chukua kitu cha hapa hapa. Msimu wa zabibu kuna kenta inatoka kiwandani mjini, inatakiwa ipite mashambani ikusanye mzigo, Mpunguzi, Matumbulu, Mbabala, Hombolo, Makang'wa, Mvumi, Chinangali, alafu irudi kiwandani, na zabibu ikishakatwa haisubiri, jua letu mnalijua. Ipite kwa mpangilio gani ili kilomita za safari nzima ziwe chache kuliko mpangilio mwingine wowote? Swali linaonekana la dereva tu, wala halina cha profesa ndani yake. Ebu tuhesabu. Mashamba yakiwa 5 mipangilio iko 120, unaweza kuiandika yote kwenye daftari. Yakiwa 10 inafika 3,628,800. Tuseme una kompyuta inayokagua mipangilio bilioni moja kila sekunde: mashamba 10 inamaliza kabla hujapepesa macho, mashamba 15 inachukua kama dakika 22, sawa bado tunavumilia, ila yakifika 20 inachukua miaka 77, na yakifika 25 inachukua miaka kama milioni 490. Yaani umeongeza mashamba matano tu kutoka 20 na umetoka kwenye umri wa mzee mmoja ukaingia kwenye umri wa miamba.

Mtu atasema nunua kompyuta kubwa zaidi. Haya, nunua yenye kasi mara 1,000 ya ile ya kwanza. Kwa miaka ile ile 77 uliyokuwa unafanya mashamba 20 saivi utafanya 22. Hela yote hiyo umeongeza mashamba mawili!

Sasa angalia mtu wa karatasi anafanya nini. Mwaka 1962 Michael Held na Richard Karp, na Richard Bellman mwaka huo huo kwa njia yake, waligundua kwamba tunapoteza muda kukumbuka vitu visivyo na maana. Tuseme kenta imeshapita Mpunguzi, Matumbulu na Mbabala, na saivi imesimama Mbabala. Kwa safari iliyobaki haijalishi ilianza Mpunguzi au Matumbulu, kinachojalisha ni seti ya mashamba yaliyokwisha na mahali gari lilipo, kwahiyo katika mipangilio yote iliyoishia pale unabaki na mmoja tu, ule mfupi, mingine unaitupa na wala hutairudia. Kwa mashamba 20 kazi inashuka mpaka hatua kama milioni 420, ambayo kwa kompyuta yetu ile ile ya kwanza ni chini ya nusu sekunde. Kutoka miaka 77 mpaka nusu sekunde na hakuna aliyenunua mashine, wazo tu. Mtu akiniuliza hawa watafiti wana faida gani huwa naanzia hapa.

Ila na lenyewe lina kikomo. Kila shamba unaloongeza linaifanya kazi iwe kama mara mbili ya mwanzo, kwahiyo ukifika mashamba 50 umerudi kwenye miaka kama 90. Na zaidi ya miaka 60 imepita, kwa tatizo hili likiwa halijapunguzwa makali, hakuna aliyepata njia yenye dhamana ya kuivunja hiyo tabia ya kujidabo.

Hapa wengi wanatoka na jibu rahisi: aah, tatizo ni gumu kwasababu mipangilio ni mingi mno. Hapana, na hapa naomba tusimame kidogo, kwasababu hapa ndo utamu wa somo lote ulipo. Mwaka 1926 mtaalamu wa hesabu anaitwa Otakar Borůvka alipewa swali la kusambaza umeme Moravia, kwenye nchi ambayo leo ni Cheki. Ndo swali la wenzetu wa umeme vijijini: una vijiji, unajua umbali wa kila kijiji na mwenzake, uviunganishe vyote kwa waya ambao jumla yake ni fupi kuliko namna nyingine yoyote, haijalishi umeme unazunguka wapi ili mradi kila kijiji kinaupata. Vijiji 20, namna za kuviunganisha ziko ngapi? Ziko 262,144 alafu weka sifuri 18 mbele yake. Mipangilio ya gari kwa mashamba 20 ilikuwa kama 2.4 mara moja yenye sifuri 18. Kwahiyo namna za waya ni zaidi ya mara 100,000 ya namna za safari, ungetegemea liwe tatizo baya zaidi, kumbe hili mwanafunzi wa form four analimaliza jioni moja kwa penseli!

Anafanyaje? Vijiji 20 vina jozi 190. Andika umbali wote 190 kuanzia mfupi kwenda mrefu. Anza juu, chukua wa kwanza, chukua wa pili, endelea hivyo, ila ukikuta waya ambao ukiuweka unafunga duara, yaani vijiji hivyo viwili tayari vimeunganishwa kwa njia nyingine, uruke. Vijiji vyote vikishaunganika simama. Njia hii ya kupanga kwa urefu aliiandika Joseph Kruskal mwaka 1956. Na sio bahati kwamba inaleta jibu bora, inathibitishika. Tuseme kuna fundi anakuja na ramani yake anasema ni bora kuliko zote na haina ule waya mfupi uliouchagua wewe. Mwambie aweke huo waya wako kwenye ramani yake. Litatokea duara, na ndani ya duara hilo lazima kuna waya mwingine ambao sio mfupi kuliko wa kwako. Autoe huo. Vijiji bado vimeungana, na jumla haijaongezeka hata mita moja. Rudia hivyo mpaka ramani yake iwe ya kwako. Amekwisha. Haijalishi ni Mpwapwa au Kongwa, vijiji 20 au milioni, hoja hiyo hiyo inamaliza ubishi wote bila kukagua ramani hata moja. Mi kila nikiipitia hoja hii napata raha ile ile.

Kwenye waya tamaa inalipa, chukua kilicho karibu na hautajuta. Kwenye safari tamaa inakuchongea. Chukua barabara moja iliyonyooka, kiwanda kiko katikati. Upande wa mashariki kuna shamba kilomita 1 na lingine kilomita 5, magharibi kuna shamba kilomita 2 na lingine kilomita 10. Dereva anasema mi nakwenda lililo karibu kila mara. Anaanza mashariki kilomita 1, akiwa pale shamba la magharibi la kilomita 2 liko umbali wa 3 na lile la mashariki la 5 liko umbali wa 4, anageuka magharibi, kutoka pale la mashariki liko umbali wa 7 na la magharibi umbali wa 8, anageuka tena mashariki, alafu hana jinsi anakwenda kilomita 15 mpaka shamba la mwisho magharibi, ndo anarudi 10. Jumla kilomita 36. Mwenzake aliyemaliza upande mmoja kwanza akaenda wa pili ametumia 30. Uamuzi mdogo wa mwanzoni umekuja kudai hela yake mwishoni, na hakuna anayejua njia ya haraka ya kuugundua mapema kwa kila ramani itakayoletwa.

Ndo maana watafiti wakagawa matatizo kwa makundi. Kuna kundi wanaloliita P, haya ni yale ambayo muda wa kuyatatua unakua taratibu kadri tatizo linavyokua, tuseme kwa mraba au kwa mchemraba, sio kwa kujidabo kila ukiongeza kimoja. La waya liko humo, na la njia fupi kutoka Nzuguni mpaka Msalato, ile kazi ya ramani ya kwenye simu, nalo limo. Hilo Edsger Dijkstra alipata njia yake mwaka 1956 akiwa amekaa mgahawani Amsterdam, dakika 20 bila kalamu wala karatasi kwa maelezo yake mwenyewe, akaichapisha 1959. Alafu kuna kundi NP, yale ambayo mtu akikuletea jibu unaweza kulikagua haraka hata kama kulitafuta ni shughuli. Swali la gari ukiliuliza kwa namna ya "je, kuna mzunguko usiozidi kilomita 180?" liko humo, kwasababu mtu akikupa mpangilio unajumlisha kilomita dakika moja umemaliza. Ratiba ya shule nayo imo, walimu wa taaluma mnisikie, kukagua kwamba hakuna mwalimu aliyewekwa madarasa mawili saa moja ni rahisi, kuipanga ndo kulala ofisini.

Mwaka 1971 Stephen Cook akiwa Toronto, na Leonid Levin akiwa Urusi ya Kisovieti kazi yake ikatoka 1973, bila kuwasiliana, walionyesha kitu ambacho mpaka leo kinashangaza: ndani ya NP kuna matatizo ambayo yamebeba mengine yote. Ukipata njia ya haraka ya moja tu kati ya hayo umepata ya yote. Mwaka 1972 Karp, yule yule wa mwanzo, akatoa orodha ya matatizo 21 ya aina hiyo, na baadae watu wakaongeza mengine mamia kwa mamia. Yanabebanaje? Ngoja nionyeshe moja. Una vijiji 12 milimani Kondoa, baadhi vina barabara kati yao na vingine havina, unataka kujua kama inawezekana kuzunguka vyote kila kimoja mara moja tu na kurudi ulipoanza ukitumia barabara zilizopo. Mimi sijui kulitatua hilo ila nina rafiki anajua kupanga safari fupi ya kenta. Natengeneza ramani ya uongo: vijiji vyenye barabara kati yao naandika umbali ni 1, visivyo na barabara naandika 2. Nampa rafiki. Akirudi na safari fupi kuliko zote yenye jumla ya 12 jibu ni ndio, maana yake hajatumia 2 hata moja. Akirudi na 13 au zaidi jibu ni hapana. Sijui kutatua na nimepata jibu, kwahiyo tatizo la rafiki ni gumu angalau kama langu. Kwa mtindo huu wa kutafsiri tatizo kuwa tatizo lingine, ratiba ya shule, safari ya kenta na mamia ya mengine yamefungwa kamba moja, likifunguka moja yote yanafunguka.

Je yatafunguka? Mwaka 2000 taasisi ya hesabu ya Clay iliweka dola milioni 1 kwa atakayethibitisha kama P na NP ni kitu kimoja au hapana, na hela bado iko pale pale. Watafiti wengi wanaamini ni tofauti, ila kuamini hakulipwi.

Sasa hapa inabidi niweke sawa jambo maana watu hupotoka. Gumu maana yake hakuna njia inayojulikana ya haraka yenye dhamana kwa kila ramani. Haina maana ukate tamaa. Mwaka 1954 George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson walipata mzunguko bora kabisa wa miji 49 ya Marekani na kwa uthibitisho, na mwaka 2006 kundi la kina David Applegate lilimaliza ramani yenye vituo 85,900. Hizo ni ramani moja moja zilizotafutwa kwa juhudi kubwa, kesho ukileta nyingine huna uhakika itachukua saa au miaka.

Kwahiyo kuna watafiti walioamua kuuliza swali tofauti: kama siwezi kukupa safari bora kwa haraka, naweza kukupa isiyozidi bora kwa kiasi fulani, nikakuhakikishia? Ukiisikia mara ya kwanza inaonekana haiwezekani. Utajuaje uko mbali kiasi gani na kitu ambacho hujawahi kukiona? Hapa ule waya wa umeme unarudi kufanya kazi. Chukua safari bora ya kenta, hatuijui ila ipo. Itoe kipande kimoja kati ya shamba na shamba. Kilichobaki ni mstari unaounganisha mashamba yote, yaani ni namna mojawapo ya kuvuta waya! Na sisi waya mfupi kuliko wote tunaujua, mwanafunzi wetu ameshautafuta jioni. Kwahiyo safari bora haiwezi kuwa fupi kuliko huo waya. Tuseme waya ni kilomita 100, basi hakuna dereva duniani atazunguka mashamba hayo kwa chini ya 100. Sasa mwambie dereva afuate waya, aende na kurudi kila kipande, atapita mashamba yote kwa kilomita 200. Alafu kila akitaka kurudia shamba alilopita aliruke aende moja kwa moja linalofuata, kukata kona hakuongezi urefu. Safari yake haizidi 200, na bora haiko chini ya 100, kwahiyo amekosea kwa mara mbili kwa ubaya kabisa, na tunalijua hilo bila kuijua safari bora ni ipi.

Nicos Christofides mwaka 1976, na Serdyukov wa Kisovieti aliyechapisha 1978 bila kujua ya mwenzake, waliona kurudia waya wote ni ubadhirifu. Gari linakwama kwenye mashamba yenye idadi ya waya isiyogawanyika kwa mbili tu, unaingia hautoki. Mashamba ya aina hiyo siku zote idadi yake inagawanyika kwa mbili, kwahiyo yaoanishe mawili mawili kwa umbali mfupi iwezekanavyo, na njia ya haraka ya kuoanisha Jack Edmonds alikuwa ameshaitoa 1965. Kuoanisha huko hakuzidi nusu ya safari bora: chukua safari bora, ruka mashamba mengine ubaki na hayo tu, alafu chukua vipande vyake kimoja ndio kimoja hapana, unapata namna mbili za kuoanisha, na kati ya hizo mbili moja lazima isizidi nusu. Waya pamoja na nusu, kosa limeshuka kutoka mara 2 mpaka mara 1.5.

Ikakaa hapo. Miaka 44, watu wazito wamejaribu, 1.5 haitikisiki. Mwaka 2020 Anna Karlin, Nathan Klein na Shayan Oveis Gharan wa Chuo Kikuu cha Washington wakaishusha, na walichopunguza ni desimali yenye sifuri 35 kabla ya kukutana na 1. Najua kuna atakayecheka, kwa kenta ya zabibu hiyo sio hata unywele. Ila mpaka siku ile hakuna aliyejua kama 1.5 ni ukuta au ni uzio, na sasa tunajua ni uzio, kuna upande wa pili. Na hata yale mepesi hayajaisha, mwaka 2025 kundi la Ran Duan wa Chuo Kikuu cha Tsinghua limeonyesha kwamba kutafuta njia fupi kutoka sehemu moja kunaweza kufanywa haraka kuliko njia ya Dijkstra kwenye ramani zenye barabara chache, kitu ambacho wengi walishaona kimefika mwisho wake.

Upande wa chini nao umewekewa mpaka. Marek Karpinski, Michael Lampis na Richard Schmied wamethibitisha kwamba kuahidi kosa dogo kuliko 123 kwa 122 ni kazi ngumu ile ile ya kundi la Karp. Kwahiyo kama safari bora ya kenta yetu ni kilomita 122, kumhakikishia mwenye gari kwa haraka kwamba atapata chini ya 123 tusitegemee, labda P na NP ziwe kitu kimoja. Kumhakikishia 183 tunaweza leo hii, tukipunguza na ule unywele wa 2020. Katikati hapo, kutoka kama 123 mpaka 183, pako wazi. Wengi wanahisi jibu liko kwenye theluthi moja juu ya bora, kama 163 hivi, kwasababu kuna njia nyingine ya Held na Karp, ya kukadiria tu, ambayo kwenye kila ramani iliyowahi kujaribiwa haijawahi kukosea zaidi ya hapo, na uthibitisho wake umetafutwa kwa miaka mingi na bado unatafutwa mpaka leo.